Raspberry Pi 400 kama mashine ya kikundi cha wapenzi wa kompyuta

Vikundi vya wapenzi wa kompyuta havifi kwa kukosa mada. Vinadorora kwa sababu nusu saa ya kwanza ya kila mkutano inaliwa na waya zisizoonekana zilipo, mashine iliyobadilishiwa nenosiri na aliyeitumia mara ya mwisho, na masasisho yanayoanza kushuka watu wakiwa wamekaa wanatazama. Mgeni akikuta hali hiyo mara mbili, mara ya tatu haji. Ndiyo maana tathmini hii ina kipimo kimoja kikubwa: watu kumi na wawili wakiingia chumbani, je, baada ya dakika kumi kila mmoja ana kazi mkononi? Kwa kipimo hicho Raspberry Pi 400, iliyotoka Novemba 2020, bado inafaa sana, mradi kikundi kikubali kufanya maandalizi ambayo hayamo kwenye boksi.

Ni kibodi yenye kompyuta ndani. Ina urefu wa milimita 286, upana wa 122 na unene wa 23. Ndani kuna prosesa ya viini vinne vya Cortex-A72 inayokwenda kwa gigahezi 1.8, na RAM ya gigabaiti 4 ambayo haiongezeki. Nyuma kuna soketi mbili za micro-HDMI, mbili za USB 3.0, moja ya USB 2.0, soketi ya kebo ya mtandao ya gigabiti, tundu la kadi ya microSD, soketi ya USB-C ya umeme, na safu ya pini 40 za GPIO, yaani za kuunganisha taa, vitufe na vifaa vingine vya nje. Wi-Fi na Bluetooth zimo. Haina feni. Joto linapokelewa na bamba pana la chuma lililolala chini ya kibodi, na kazi za kawaida za kikundi haziishindi.

Jambo la kwanza linaloipa alama za juu ni kwamba hakuna kipande cha kufungua. Ubao mtupu wa Raspberry Pi za kawaida huwatia hofu wanagenzi: wanaogopa kuugusa, na wasioogopa wanauweka juu ya bisibisi. Kibodi haina fumbo. Mtu anaichukua, anaiweka mapajani, anaiazima kwenda nayo nyumbani. Ina pia tundu la kufuli la Kensington, linalofaa pale chumba kinapotumiwa na watu wengine siku nyingine.

Pili, inazimwa kistaarabu. Fn na F10 kwa pamoja huiambia ifunge faili zake na kuzima. Wafundisheni wageni hili kabla ya jambo lolote lingine, kwa sababu kuchomoa waya mashine ikiwa inaandika ndiyo njia ya haraka ya kuharibu mfumo wa faili kwenye kadi.

Kadi ya microSD, inayobeba mfumo mzima, ndipo penye utajiri wote na matatizo yote, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Kadi ya gigabaiti 16 au 32 yenye alama ya A1 inatosha. A1 inamaanisha kadi imeahidi angalau usomaji 1500 na uandishi 500 wa vipande vidogo kwa sekunde, na hicho ndicho kinachofanya mfumo uamke upesi, kuliko ile namba kubwa ya megabaiti iliyochapishwa mbele. Kwa mashine sita nunueni kadi 13: sita za kazi, sita safi za akiba, na moja mama isiyotoka kwenye kopo lake. Kadi mama ndiyo inayowekwa programu zote, inasasishwa, kisha inanakiliwa. Nakala ya faili ya gigabaiti 8 kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde huchukua kama dakika saba, basi kunakili kadi sita moja baada ya nyingine ni kazi ya dakika arobaini. Ifanyeni siku moja kabla ya mkutano. Saa ya watu waliokwisha kaa isitumike kwa hilo.

Kunakili kadi kunaleta kasoro moja inayowachanganya wengi. Mashine zote sita zinakuwa na jina moja na funguo zilezile za SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mashine nyingine. Jina likigongana, mfumo unaongeza namba wenyewe, raspberrypi-2.local, raspberrypi-3.local, na namba hizo zinabadilika kufuatana na ipi imewaka kwanza. Mwanachama anaingia kwenye mashine ya jirani akidhani ni yake, anafuta faili, na ugomvi unaanza. Dawa ni kuipa kila moja jina lake kupitia `sudo raspi-config`, menyu ya mipangilio ya mashine, kisha kufuta funguo za zamani na kutengeneza mpya:

sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo dpkg-reconfigure openssh-server

Bandikeni jina hilohilo kwenye mgongo wa kibodi kwa utepe unaosomeka kutoka upande wa pili wa meza.

Anayeandaa kadi mama atumie Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika mfumo kwenye kadi, na ajaze mipangilio yake kabla ya kuandika: jina la mtumiaji, nenosiri, Wi-Fi, mpangilio wa kibodi na SSH. Tangu Aprili 2022 mfumo hauji tena na mtumiaji "pi" mwenye nenosiri "raspberry", na maelekezo mengi ya zamani bado yanamtaja. Mgeni anayefuata maelekezo hayo atabaki mlangoni. Mpangilio wa kibodi nao usisahaulike. Ukiwa wa nchi tofauti na kibodi yenyewe, alama kama @ na " hubadilishana mahali, na mtu anaweza kujaribu nenosiri sahihi hadi akate tamaa.

Halafu kuna mpangilio ambao kwangu mimi ndio unaoifanya mashine hii iwe ya kikundi kwelikweli. Ndani ya raspi-config, chini ya Performance Options, kuna Overlay File System. Ukiuwasha, kila kinachoandikwa kinaingia kwenye RAM badala ya kadi. Mtu anaweza kufuta folda, kuharibu mipangilio, kuweka programu mbovu. Mashine ikiwashwa upya inarudi ilivyokuwa. Mwanagenzi anapata uhuru wa kuharibu bila kuona aibu, na kadi inapona hata umeme ukikatika ghafla. Gharama yake ni mbili. Kazi lazima ihifadhiwe kwenye flashi ya USB ya mwenyewe, la sivyo inapotea, na hilo lisemwe kwa sauti mwanzoni mwa kila mkutano. Pia RAM ni gigabaiti 4 tu, kwa hiyo mtu akishusha faili kubwa ataambiwa nafasi imekwisha ilhali kadi ina nafasi tele. Kusasisha kunataka hatua nne: zima overlay, washa upya, sasisha, washa overlay tena. Ukisahau ya kwanza, masasisho yatashuka yote vizuri na kuyeyuka mashine ikizimwa.

Umeme. Pi 400 inataka volti 5.1 na ampea 3 kupitia USB-C. Chaja ya simu inaweza kuiwasha, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa itawaka, itafanya kazi, kisha itaanza kusuasua mara mtu atakapochomeka flashi au diski. Tatizo mara nyingi si chaja yenyewe. Ni kebo ndefu na nyembamba inayokula volti njiani. Volti zikishuka chini ya takriban 4.63, alama ya radi inatokea pembeni mwa skrini na prosesa inapunguzwa kasi. Msibahatishe, andikeni:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 ni salama. 0x50000 linamaanisha umeme ulipungua wakati fulani tangu mashine iwake. 0x50005 linamaanisha unapungua sasa hivi, na kebo ibadilishwe kabla ya kazi kuendelea. Mashine sita zikitumia kila moja wati 15 kwa kiwango cha juu ni wati 90; ongezeni monita sita za wati 25 na jumla inakuwa 240. Hiyo inabebwa na ekstensheni moja nzuri. Ekstensheni mbili zilizochomekwa moja ndani ya nyingine hazitakiwi, kwa sababu viungo vilivyolegea ndivyo vinavyopata moto.

Micro-HDMI ndio udhaifu mkubwa wa umbo. Soketi ni ndogo, kebo ya HDMI ni nzito, na kila mkutano inachomekwa na kuchomolewa. Adapta ngumu isiyo na waya ni mbaya zaidi, maana uzito wote wa kebo unaning'inia kwenye soketi na kuikunja. Tumieni kebo laini yenye kichwa cha micro-HDMI upande mmoja, muichomeke mara moja, muifunge kwa kamba ya plastiki, kisha mkate kamba ile siku kebo itakapokufa. Kinachochomekwa na kuchomolewa kiwe upande wa monita, ambako soketi ni pana na imara. Monita za zamani zenye DVI zinafanya kazi kwa adapta rahisi kwa kuwa ishara ni ileile ya kidijitali, ila sauti haivuki. Na kwa kuwa Pi 400 haina tundu la spika, kikao cha muziki wa msimbo kama Sonic Pi kinahitaji monita yenye spika au kadi ndogo ya sauti ya USB. Hilo lifikiriwe wakati wa kupanga mada, kabla watu hawajafika.

Skrini ikibaki nyeusi ilhali taa ya mashine inawaka, mara nyingi monita iliwashwa baada ya kompyuta. Kama monita zenu zina tabia hiyo, fungueni /boot/firmware/cmdline.txt na mwishoni mwa mstari muongeze:

video=HDMI-A-1:1280x720@60D

Faili hilo lazima libaki mstari mmoja. Ukibonyeza Enter katikati, kilicho chini yake hakisomwi na mashine inaweza isiwake kabisa.

Pini za GPIO ndizo zinazowaleta watu tena. Programu ya skrini tupu mtu anaweza kuifanya kwao. Kuwasha taa kwa kidole chake mwenyewe akiwa na mwenzake pembeni ni jambo la kikundi. Kikao cha kwanza kinahitaji, kwa kila watu wawili, bredibodi moja (kibao chenye matundu cha kuunganisha vipande bila kulehemu), LED nyekundu, rezista ya ohmu 330, kitufe na waya nne. Pini 11 ni GPIO17: inakwenda kwenye rezista, kisha mguu mrefu wa LED, mguu mfupi unarudi pini 9, yaani graundi. Volti 3.3 ukiondoa kama 2 zinazobaki kwenye LED, kisha ukagawa kwa ohmu 330, unapata miliampea 4 hivi, mbali na mpaka wa 16 unaotajwa kwa pini moja. Kitufe kinakaa kati ya pini 13 (GPIO27) na pini 14 (graundi). Programu yote ni hii:

from gpiozero import LED, Button
from signal import pause
taa = LED(17)
kitufe = Button(27)
kitufe.when_pressed = taa.on
kitufe.when_released = taa.off
pause()

Isipowaka, geuzeni LED kwanza. Bado? Hesabuni pini upya, kwa sababu 17 ni namba ya GPIO na 11 ni namba ya mahali pini ilipo, na karibu kila mtu huzichanganya siku ya kwanza.

Hapa Pi 400 inapoteza alama. Pini zimelala nyuma ya kibodi, anayeandika hazioni, na akiinama kuzitazama kutoka nyuma anaziona zimegeuka kushoto kulia. Pini 2 na 4 zina volti 5, jirani kabisa na pini 1 ya volti 3.3. GPIO hazivumilii volti 5. Waya mmoja ukigusa pasipofaa, prosesa imeungua, na kwenye kibodi hii huwezi kubadilisha ubao peke yake kirahisi. Suluhisho ni kebo bapa ya nyuzi 40 inayokaa hapo daima na kuzileta pini mbele ya mtumiaji, zikiwa na kibao chenye namba. Uzi mwekundu uwe pini 1. Kebo ikichomekwa kinyume, pini 2 yenye volti 5 inakutana na pini 39 ya kifaa, ambayo ni graundi. Umeme unaingia kwa mgongo na kifaa kinaweza kufa pamoja na kompyuta. Pakeni rangi kwenye vichwa vyote viwili vya kebo, na waya zichomekwe mashine ikiwa imezimwa.

Kasoro nyingine inajificha hadi siku intaneti haipo. Pi 400 haina betri ya saa. Ikizimwa, saa inasimama; ikiwashwa bila mtandao inaendelea kutoka muda wa mwisho iliouhifadhi. Halafu tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba cheti chao cha usalama bado hakijaanza kutumika, na kusasisha kunagoma. Mashine moja ya kikundi iwekewe moduli ya saa ya DS3231: umeme kutoka pini 1, SDA (uzi wa data) pini 3, SCL (uzi wa mapigo) pini 5, graundi pini 9. Ipeni volti 3.3 na si 5, kwa sababu moduli nyingi zina rezista zinazovuta nyaya za data hadi volti za umeme wake. Washeni I2C, njia ya mawasiliano ya nyuzi hizo mbili, kwenye raspi-config, ongezeni `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye config.txt, wekeni chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye mashine hiyo na muiruhusu kuhudumia mtandao wenu wa ndani, kisha nyingine ziulize saa kwake.

Mashine hiyohiyo ibebe kazi mbili zaidi. Ya kwanza ni apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi vifurushi vya masasisho, kwenye mlango wa mtandao namba 3142. Kifurushi kinashuka kutoka intaneti mara moja na mashine tano zinazobaki zinakichukua hapo jirani. Mistari ya intaneti inayokwama kila siku ya masasisho inapumua ghafla. Ya pili ni Kiwix, inayotoa Wikipedia na vitabu vya marejeo bila intaneti. Unganisheni kwa swichi ya soketi nane na kebo, hata kama Wi-Fi ipo, kwa kuwa mashine sita zikivuta faili kwa pamoja hewani zote zinakwenda polepole.

Utaratibu wa mkutano nao ni sehemu ya tathmini, kwa sababu mashine nzuri bila utaratibu huishia kabatini. Homebrew Computer Club, kilichoanza Machi 1975 kwenye gereji huko Menlo Park, California, kilikuwa na mpango ambao hadi leo sijaona unaouzidi. Lee Felsenstein aliyekuwa akiongoza vikao aligawa mkutano sehemu mbili: kwanza watu walisimama kwa zamu kusema wana nini, wanatafuta nini, wamekwama wapi, kisha waliachwa huru waende kwa yule waliyemsikia. Mashine za kuazima zinaingia hapo vizuri. Aliyerudisha mashine anasema alichofanya, anayeitaka anasema atafanya nini, na kibodi inabadilisha mikono mbele ya wote.

Kila mfuko wa kuazima uwe na vitu vitano, vyote vikiwa na namba moja: kibodi, adapta ya umeme, kebo ya skrini, kipanya, kadi. Wekeni na daftari dogo la kuandika kilichofanyika na kilichogoma. Vinavyopotea zaidi ni kebo na adapta, basi akiba mbili mbili. Mfuko ukirudi, kadi inatolewa na kuandikwa upya kabla ya mtu mwingine kuichukua, bila kujali aliyeirudisha anasema nini. Mtunza kadi abadilishwe kila baada ya miezi mitatu, na anayeingia aandike kadi akiwa na anayetoka. Vikundi vingi vimesimama siku mtu mmoja aliyejua kila kitu alipohama.

Vipi kuhusu warithi wake? Raspberry Pi 500 ilitoka Desemba 2024 ikiwa na gigahezi 2.4 na RAM ya gigabaiti 8, na tofauti inaonekana mara ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa. Inataka adapta ya wati 27. Kwa kikundi kuna jambo la kuangalia: GPIO zake zinapita kwenye chipu ya RP1, na maktaba ya zamani ya RPi.GPIO haifanyi kazi nayo. Masomo yenu yakiwa yameandikwa kwa gpiozero, maktaba iliyotumika kwenye programu ya LED hapo juu, hamtaona tofauti. Yakiwa ya RPi.GPIO, yaandikeni upya kabla ya kuchanganya mashine hizi mezani. Ile 500+ ya Septemba 2025, yenye RAM ya gigabaiti 16 na SSD ya 256, ni nzuri kwa seva ya kikundi, lakini kuinunua sita kwa kuwashia LED ni kutumia fedha ambazo zingenunua monita. Laptopu kuukuu za kupewa zina faida ya skrini na betri, na kwa masomo ya programu tupu ningezichukua bila kusita. Zinachokosa ni pini, na kila moja ina kasoro yake ya peke yake, kwa hiyo kadi mama moja haitoshi tena.

Kwa mnaonunua Pi 400 zilizotumika, nendeni na kadi yenu iliyoandikwa tayari, adapta ya ampea 3 na kebo. Washeni kwa kila soketi ya micro-HDMI na mtikise kichwa cha kebo taratibu. Picha ikikatika, iacheni. Bonyezeni kila kitufe mkiwa ndani ya kihariri cha maandishi. Chomekeni flashi kwenye soketi zote tatu za USB, unganisheni kebo ya mtandao na Wi-Fi, kisha someni get_throttled. Mwisho pimeni GPIO kwa LED na rezista, pini moja baada ya nyingine, kwa sababu pini iliyoungua haionekani kwa macho, na ndicho kitu ambacho muuzaji mwenyewe huenda hajui.